Unga wa Muhogo kwenye Shasi

Wiki nzima iliyopita nilikuwa nalivunja lori la Komanda, asubuhi hadi adhuhuri, nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika ofisi ya shule ya ufundi, kikombe cha chai pembeni. Lori lenyewe halipo tena. Nililichora upya kwenye kompyuta: mihimili miwili mirefu inayobeba gari zima, ambayo mafundi wa Kindu tunaiita longeroni, na vyuma vya kukingama vinavyoishika pamoja ikawa shasi. Programu ninayotumia huigawa shasi hiyo katika pembetatu ndogo ndogo, mfano wa wavu. Mimi naiambia chuma ni cha namna gani, kimekalia springi wapi, mzigo uko wapi na una uzito gani, kisha nabonyeza na kusubiri. Mashine inanguruma, halafu rangi zinatokea. Bluu maana yake chuma kimetulia. Kijani, kinafanya kazi. Njano, kinaumia. Nyekundu, kinakatika. Kwa njia hii huwa nazipima pikipiki za magurudumu matatu ambazo vijana wetu wanazichomelea hapa mjini kubebea mizigo, na haijawahi kunitisha. Lakini kila nilipolipitisha lori la Komanda juu ya shimo la barabara ya Kailo, nyekundu ilitokea mahali palepale, nyuma kidogo ya kibanda cha dereva, na vidole vyangu vikawa baridi. Mahali pale nilikuwa napajua. Niliona unga tulioupaka pale ukipasuka mwaka wa vita, kabla sijagusa kompyuta yoyote, na siku chache baadaye Zaina alipandishwa akakalishwa juu yake, na mimba yake.

Zaina ni mke wa Asumani, na Asumani ni fundi wa kuchomelea niliyefanya naye kazi mwaka ule nikala kwake na kulala kwake. Asumani amefariki mwezi uliopita. Kilio kiliwekwa nyumbani kwake Alunguli, na ili kufika uani unavuka mtaro kwa daraja dogo la chuma. Watu wamelipita miaka na miaka bila kuliangalia, mimi nikiwemo. Siku ile nilikuwa nimeinamisha kichwa, kama mtu anavyoinamisha akiingia msibani, nikaona chini ya kiatu changu mstari wa mchomeleo uliopinda kidogo mwishoni. Ni mkono wa Asumani. Nilisimama ghafla hata mama aliyekuwa nyuma yangu na sufuria ya wali akanigonga mgongoni na kuniuliza kama nimeona nyoka. Kilikuwa kipande cha shasi ya lori la Komanda. Asumani alikuwa amekileta nyumbani kwake akakilaza mlangoni, na hakuniambia kitu. Kilio kilipokwisha nilirudi na mita, nikapiga magoti mtaroni nikapima unene, urefu, kila tundu, wapita njia wakinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa kwa huzuni. Nilitaka kujua jambo moja tu: siku ile, Zaina akiwa juu, kwa nini halikukatika?

Mimi ni mwoga, na ni afadhali msomaji alijue hilo mapema. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kwangu kicheko kimekuja mara nyingi. Mwaka ule lakini woga haukuwa tabia ya mtu mmoja, ulikuwa hewa ya mji. Treni ilikuwa haiji. Mashua za mtoni zilikuwa haziji. Chumvi ilikuwa haiji, na Zaina alichoma maganda ya ndizi akachuja majivu yake kupata maji ya chumvi, machungu, ambayo alinyunyizia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kwa vidole vitatu. Nilipewa chumba cha nyuma, kilichotengwa na chao kwa ukuta wa mianzi iliyopakwa udongo upande mmoja tu, kwa hiyo nilisikia kila walipogeuka kitandani. Tulikula watatu kwenye sahani moja ya wali mwekundu kwa mawese, mlango ukiwa umefungwa mchana kweupe, kwa sababu harufu ya mawese yanayochemka iliweza kuleta askari. Viatu vya ngozi vikisikika njiani tuliacha kutafuna. Nakumbuka hilo kuliko bunduki: watu watatu wenye chakula mdomoni, hakuna anayemeza, tukiangaliana mpaka viatu vipite. Hata leo nikisikia mtu anatembea polepole nje wakati nakula, taya zangu zinasimama zenyewe.

Komanda, mkubwa wa askari walioushika mji, alikuja karakana na malori mawili yaliyokufa, moja limeungua mbele, jingine limevunjika nyuma, akataka tumpe moja lililo hai, refu, la kubeba mizigo na watu mpaka Kailo na mbele zaidi. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Sikumsikia akifoka hata siku moja, na ndiyo maana hata sasa naogopa watu wapole. Tulizikata shasi mbili kwa mshazari, kama nilivyofundishwa shuleni na kama Asumani alivyokuwa akifanya siku zote, tukaziunga, kisha tukachonga vyuma vya kuimarisha kutoka behewa bovu la treni, tuvikandamize juu ya kiungo kila upande. Chuma cha kuimarisha hakiishi ghafla. Unakichonga ncha zake ziwe nyembamba taratibu, mfano wa ulimi, ili uzito uhame polepole kutoka chuma kinene kwenda chuma chembamba. Ukikiacha kinene mpaka mwisho, pale kinapoishia ndipo longeroni itakatika. Fundi yeyote anayejua kazi yake analijua hilo. Komanda hakuwa fundi. Aliona ncha zilizochongwa, akaona vipande vya chuma vilivyobaki chini, vyenye umbo la panga kabisa, na siku zile vipande vya namna hiyo vilikuwa vinafuliwa majembe na visu porini, kwa wapiganaji waliojificha huko. Aliviokota kimoja kimoja.

“Hivi mulikuwa munapelekea nani?” akauliza. “Watu wa pori?”

Asumani alijibu kwamba hapana, mukubwa, chuma iko yote hapa, hakuna kilichotoka. Akajaribu kueleza habari ya ncha. Komanda alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali kwa kichwa, akaamuru afungiwe kwenye kontena la chuma lililokuwa juani nyuma ya kituo chao. Walimtoa kesho yake jioni, midomo imepasuka. Mimi waliniacha niendelee na kazi, na maneno yaliyobaki kwangu yalikuwa mafupi: weka chuma yote, nene mpaka mwisho. Nikaweka. Asumani aliporudi alitazama vile vyuma vipya, vimekatwa wima kama tofali, akapitisha kidole kwenye mwisho wake, akachukua vijiti vyake vya kuchomelea akaviunga vyuma hivyo. Mchomeleo wake ulikuwa safi kama kawaida. Mikono yake ilijua kazi hata pale kichwa kilipokataa.

Sisi tulikuwa na njia yetu ya kupima shasi, ya zamani, na sasa nikikaa mbele ya kompyuta naona ni ileile. Unakoroga unga wa muhogo na maji mpaka uwe uji mzito, unaupaka kwenye chuma, unaacha ukauke uwe mweupe na mgumu. Halafu unapakia gari. Mahali chuma kinapojivuta, unga unapasuka nyufa ndogo ndogo. Unalala chini ya gari, unaangalia juu, na chuma kinakuonyesha kinapoumia. Zaina ndiye aliyetoa unga. Aliushika kikapuni muda mrefu kabla ya kuutoa, maana ulikuwa chakula chetu.

“Unga tunapakaa kwa gari,” alisema, “na sisi tutakula nini?”

“Gari ikikufa na watu,” Asumani akamjibu, “ule unga utaweza kuumeza?”

Tulipakia magunia ya mchanga, asubuhi, Komanda akiwa ng'ambo mjini. Tulilala chini wote wawili, bega kwa bega, mchanga ukitudondokea machoni. Kiungo chenyewe, kile tulichokiogopa, kilibaki cheupe safi. Lakini pale chuma cha kuimarisha kilipoishia, nyuma kidogo ya kibanda cha dereva, unga ulipasuka mbele ya macho yetu, mstari mmoja, halafu wa pili, halafu ukaanza kubanduka na kutuangukia. Gari lilikuwa limesimama. Halikuwa limepita shimo hata moja. Nilisikia Asumani ameacha kupumua. Kisha akalamba kidole, akafuta unga wote pale, taratibu, mpaka chuma kikabaki kitupu, kwa sababu Komanda angeuona angetaka kujua ni nini, na kumwambia gari halifai ilikuwa sawa na kumwambia amri yake ndiyo iliyoliharibu. Tulitoka chini. Asumani alinawa mikono muda mrefu kuliko uchafu ulivyotaka.

Alikuwa amekwisha kuamua, nadhani. Kwenye karakana ya Alunguli kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyejua ilianza lini: aliyeunga shasi ndiye anayepanda safari ya kwanza, anakaa juu ya kiungo chake mwenyewe, mbele ya abiria wote. Ndiyo iliyofanya watu waamini magari yetu. Asumani angepanda, angekaa karibu na dereva, angemwambia apite wapi na asimame wapi. Hiyo ilikuwa tamaa yetu yote. Siku ya kukabidhi, Komanda alilizunguka lori mara moja, akapiga longeroni kwa kiganja kama mtu anayepiga ng'ombe mgongoni, akafurahi.

“Nasikia hapa kwenu ule aliunga gari njo anapanda wa kwanza,” alisema.

“Njo desturi, mukubwa,” Asumani alijibu, na nilimwona akisogea mbele kidogo, tayari.

“Desturi muzuri. Lakini fundi niko naye moja tu, na magari ingine inangojea. Fundi atabakia.” Alitazama upande wa Zaina, aliyekuwa ameleta maji ya kunywa, tumbo limemtangulia. “Bibi yake atapanda.”

Nakumbuka ndoo ya maji haikumwagika. Zaina aliishusha chini polepole, akafunga vizuri kitenge chake. Komanda aliongeza, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba kama gari ni zima basi mama atafika Kailo kwa mama yake mzazi azalie huko, na hiyo ni zawadi. Jioni ile hatukula. Mimi nilikaa chumbani kwangu nikisikia minong'ono upande wa pili wa mianzi, ya Asumani zaidi, ndefu, yenye kurudiwarudiwa, na kila mara Zaina akiitikia kwa pumzi tu. Nilidhani wanaagana. Nilijifunika shuka usoni, mtu mzima mwenye cheti cha ufundi.

Lori liliondoka na magunia ya Komanda chini, ya mchele na ya chumvi ambayo sisi raia hatukuipata, watu juu, askari pembeni, na Zaina katikati akiwa amekalia mkeka, juu ya mahali palepale. Asumani alilifuata kwa miguu mpaka barabara inapopinda. Hakulitazama juu walikokaa watu. Alikuwa ameinama, anatembea huku anatazama chini ya gari. Kisha tukaanza kungoja. Asumani alipika bugali, ugali wetu, ikabaki mbichi katikati, tukaila hivyo hivyo. Tulifanya kazi kwenye magari mengine na kila nyundo ilipoanguka tuliruka. Nilimsikia akisali upande wa pili wa ukuta, na mimi Mkristo nikawa naitikia amina kimoyomoyo mahali ambapo sikujua kama panaitikiwa. Sikuthubutu kumwuliza anachofikiri. Niliogopa kwamba akinijibu, itakuwa kweli.

Habari ilikuja na mtu wa baiskeli, mmoja wa wale waliokuwa wanasukuma mizigo porini kutoka Kailo. Alitoa mfukoni jani la mgomba lililofungwa kwa kamba, akampa Asumani. Ndani mlikuwa na chumvi, chumvi ya kweli, nyeupe. Asumani aliionja, akakaa chini palepale kwenye vumbi la karakana. Yule mtu akasema mama ni mzima, mutoto ni musichana, alizaliwa njiani, na gari limefika. Asumani alicheka, akalia, akacheka tena, na mimi nilimpiga mgongoni huku sijui ni kipi ninachokibembeleza. Mtoto akaitwa Mwamini. Baada ya safari ile lori lilibeba mizigo tu, na lilikatika baadaye kabisa, Komanda akiwa amekwisha kuhamishwa, likiwa limesimama sokoni Kailo linapakiwa mchele, bila mtu juu. Lilikatika pale pale unga ulipopasuka. Tuliambiwa lilikaa chini kama ng'ombe aliyechoka.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa nalivunja lori hilo kwenye kompyuta. Shasi iliyokatika ikiwa imesimama iliwezaje kupita mashimo yote ya Kailo ikiwa na watu? Nilibadilisha chuma, nikakifanya kigumu zaidi kuliko haki. Nyekundu. Nikapunguza chumvi. Nyekundu. Nikamfanya dereva aende mwendo wa konokono. Nyekundu, pale pale. Programu haikuwa na huruma, na kila jibu lilikuwa linaniambia kwamba Zaina na Mwamini walipaswa kufa siku ile. Nilianza kuogopa upya jambo lililopita zamani, ujinga ambao sikuujua kama upo. Mwisho nilifunga mashine nikavuka mto kwenda Alunguli.

Zaina yuko edani, kwa hiyo nilikaa barazani na yeye akakaa ndani, nyuma ya pazia. Mwamini, mwanamke mzima sasa mwenye meza yake ya mchele sokoni, alikaa mlangoni katikati yetu akichambua mawe kwenye ungo. Nilieleza habari ya rangi kadiri nilivyoweza. Nikasema mashine inasema lile gari halikuweza kufika. Nyuma ya pazia nikasikia kicheko kidogo, cha pua, cha mtu aliyechoka kulia.

“Shemeji, iyo mashine yako iko na akili,” Zaina alisema. “Kwani mashine ilijua tulishuka?”

Nikauliza walishuka wapi.

“Kila shimo. Asumani alinifundisha usiku ule wote. Alisema, kila pahali barabara imekatika, mbele ya gari kugusa, ulie uchungu ya kuzaa. Basi nikalia. Wamama wakashuka na mimi, wakanizungusha vitenge. Wanaume wakaenda mbele, hata askari, maana mwanaume hasimame pale. Gari ikapita na chumvi tu. Kisha nasema, uchungu imepoa, tupande.”

“Na hakuna aliyejua?”

“Mama moja mukubwa alijua, kwa shimo ya pili. Alinishika tumbo, akaona iko laini. Akaniangalia tu. Shimo ya kufuata, mimi sijafungua kinywa, njo yeye analalamika: shoferi, simama, mutoto anakuja.” Pazia likatikisika kidogo. “Kisha wamama wote wakajua. Tulifika kwa daraja ya mwisho, ile mubaya. Pale sikudanganya tena.”

Mwamini aliacha kuchambua. Alijua alizaliwa njiani, kama sisi sote tulivyojua. Hakujua kwamba alizaliwa kando ya daraja, ndani ya ukuta wa vitenge, wakati gari lisilo na abiria likivuka. Alimtazama mama yake kupitia pazia kana kwamba pazia halipo. Mimi nilikuwa na swali langu la kitoto na nikaliuliza: kwa nini hawakuniambia, miaka yote hii, mimi niliyelala chini ya gari lile na Asumani?

“Alikataza,” Zaina alisema, kwa upole. “Alisema weye unaogopa sana, shemeji. Wakikushika, utasema. Na nyuma ya vita, wale watu hawakwenda mbali, wengine tuko nao sokoni. Sasa amekufa. Nani atamufunga?”

Nilicheka kwa sababu ilikuwa kweli, na nililia kwa sababu ilikuwa kweli. Asubuhi iliyofuata niliwasha kompyuta kabla ya chai. Sikugusa chuma wala chumvi wala mwendo. Niliondoa watu, kwenye kila shimo, nikabonyeza. Rangi zilikuja polepole nyuma ya kibanda cha dereva: kijani, njano, njano iliyokolea mpaka nikashika ukingo wa meza, na hapo ikaishia. Chuma kilikuwa kinaumia vibaya, lakini kilipita. Niliitazama ile njano mpaka macho yakachoka. Ilikuwa sauti ya Zaina na ya yule mama ambaye sikupata hata jina lake.

Juzi nimemwambia Mwamini nataka kuwabadilishia daraja la mtaro, niwaletee chuma kipya chenye ncha zilizochongwa vizuri. Amekataa. Amesema, baba mudogo, hii imebeba kilio nzima ya baba, na chuma ya baba haitoke hapa. Kisha akajitwika beseni la mchele, mwanawe mgongoni, akaenda sokoni. Nilijikuta nimechuchumaa kando ya mtaro, shingo imepinda, natazama chini ya miguu yake pale chuma cha kuimarisha kinapoishia, kama Asumani alivyotembea siku ile nyuma ya lori. Alivuka. Aligeuka akaniuliza kama nimedondosha kitu. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye longeroni, ukingoja itulie.